Baiskeli ya umeme: ya 95,000 au ya 210,000?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mshonaji, naishi Kiembeni na kazi yangu iko mjini Mombasa, Mwembe Tayari. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 24. Siku za kununua vitambaa na leso Biashara Street hurudi na mzigo wa kilo ishirini hivi. Nauli za matatu na boda zimenichosha, nataka baiskeli ya umeme. Nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza ni shilingi 95,000: mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, betri ni 36V 10Ah, breki za disiki za waya, gia saba. Ya pili ni 210,000: mota iko katikati penye pedali, betri 48V 14Ah, breki za mafuta, gia kumi, na shokomzoba mbele. Muuzaji asema ya ghali ndiyo itakayodumu kwa sababu vipuri vyake ni vya hali ya juu. Ni kweli? Tena kaka yangu anayo moja ya mtumba kutoka Japani, yuko tayari kuniachia kwa 30,000.

Jibu: Wa alaikum salaam, dadangu. Muuzaji hakukudanganya, lakini hakukwambia yote. Vipuri vya bei vina faida, ila si vyote, na si kila mahali. Ile ya 210,000 imeundiwa mtu anayepanda milima, mwenye wakala wa kampuni karibu na kwake, na asiyeishi kando ya bahari. Wewe huna hata kimoja katika hivyo. Kwa hiyo jina la kipuri tuliweke kando kwanza, tutazame njia yako: nini kitakufa mapema kati ya Kiembeni na Mwembe Tayari, na kikifa nani atakitengeneza.

Tuanze na betri, maana ndiyo kipuri ghali kuliko vyote na ndiyo itakayokutoa jasho siku ya kuibadilisha. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani akiba ya umeme iliyomo. Ya kwanza ni 36 mara 10, wati-saa 360. Ya pili ni 48 mara 14, wati-saa 672. Mtu mwenye mzigo, anayekanyaga lakini asiyetaka kufika kazini akiwa ameloa jasho, hutumia wati-saa 10 hadi 15 kwa kila kilomita. Piga hesabu ya kilomita 24 kwa 12, ni 288. Kwa 15, ni 360 kamili. Maana yake ile betri ndogo, ikiwa mpya kabisa, siku mbaya itakufikisha mlangoni ikiwa imekwisha. Ikishazeeka kidogo itakuacha Bombolulu, na baiskeli ya umeme isiyo na umeme ina uzito ambao hutapenda kuukanyaga kwa kilomita sita.

Siku mbaya ni ipi? Wengi huogopa kilima cha Daraja la Nyali. Kilima kile ni cha dakika moja au mbili, kisha unashuka. Kinachokula betri Mombasa ni upepo. Kiembeni iko upande wa kaskazini wa kisiwa. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, asubuhi unakwenda mjini ukilipasua kifuani. Kaskazi likishika, Novemba hadi Machi, linakungoja jioni, wakati ule ule una mzigo wa leso kwenye keria. Upepo haukuachi njia nzima. Dawa yake ya bure ni mwendo: hata pasipo upepo, ukishuka kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 20, nguvu ya hewa inayokuzuia hupungua kwa zaidi ya nusu. Muuzaji anapokwambia "inaenda kilomita 60 kwa chaji moja", muulize: kwa mwendo gani, na mtu wa kilo ngapi, na upepo wa wapi?

Halafu kuna uzee. Betri za lithiamu za aina inayotumika kwenye baiskeli nyingi hutarajiwa kuchajiwa kikamilifu mara 500 hadi 1,000 kabla uwezo haujashuka hadi asilimia 80 hivi. Ukiimaliza ile ndogo kila siku ya kazi, mizunguko 500 unaifikia kabla ya miaka miwili, na joto letu halikusaidii. Betri kubwa unaitumia nusu kwa siku, na lithiamu hupenda kutumiwa nusunusu kuliko kukaushwa hadi mwisho. Hapa basi nasema bila kusita: lipia betri. Shilingi yoyote utakayoongeza, ianze kwenda huko.

Lakini uwe macho, kwa sababu betri ndiyo inayoghushiwa zaidi. Stika ya Samsung au LG inaweza kuchapishwa popote. Uzito ndio mgumu kudanganya. Betri ya kweli ya 36V 10Ah huwa na seli kama 40, yaani vibetri vidogo vya ndani, kila moja gramu 45 hadi 50, kwa hiyo pamoja na kasha lake itakaribia kilo mbili na nusu. Ile ya 48V 14Ah ikiwa chini ya kilo tatu, rudisha mkono mfukoni. Ichomoe, ipeleke kwenye mizani ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari, na muuzaji akikasirika umeshapata jibu lako. Jambo la pili, mwombe fundi yeyote wa redio mwenye mita akupimie ikiwa imejaa chaji: ya 36V isome karibu 42, ya 48V isome karibu 54.6. Namba hizo hizo ndizo ziandikwe kwenye chaja. Ikisoma pungufu sana huku taa ya chaja inasema imejaa, ndani mna seli zilizokufa au zilizookotwa.

Sasa mota. Hapa ndipo pesa nyingi za ile ya 210,000 zilipokwenda, na ndipo nisipokubaliana na muuzaji.

Mota ya katikati ni kitu kizuri sana kwenye mlima, kwa sababu inatumia gia zako. Nzuri hutoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 80 hivi, hali ile ya gurudumuni hutoa kama 40. Ungekuwa unaishi Wundanyi, kwenye milima ya Taita, ningekwambia uuze cherehani moja uinunue. Mota ya gurudumuni ikilazimishwa kupanda mlima mrefu kwa mwendo wa konokono hupata moto na hata kuungua. Lakini wewe unapita Bombolulu, Kongowea, darajani, kisha unaingia mjini. Hakuna mahali mota ya gurudumuni itakapoteseka kwa zaidi ya dakika chache.

Na mota ya katikati ina deni. Nguvu yake yote hupitia kwenye cheni. Miguu yako na mota, vyote viwili vinaivuta cheni moja nyembamba ya gia kumi, katika hewa yenye chumvi na vumbi la barabara za ndani za Kiembeni. Cheni ikivutika, inaanza kutafuna meno ya gia. Ukichelewa kuibadilisha, unanunua cheni na seti ya gia pamoja, na seti ya gia kumi si kitu utakachokiona kimening'inia kwa kila fundi. Mota ya gurudumuni haiigusi cheni. Cheni inabaki kubeba miguu yako tu, na cheni ya gia saba ni nene zaidi, ni rahisi, na inapatikana.

Halafu kuna suala la kufungiwa. Mifumo mingi ya katikati ya bei ya juu, Bosch ukiwa mfano unaojulikana, imeundwa betri na mota ziwasiliane, kwa hiyo huwezi kuchomeka betri yoyote ya volti sawa na ikakubali, na hitilafu fulani zinasomwa kwa programu ya mawakala. Ukiwa Munich hilo halikusumbui. Ukiwa Kiembeni, kitufe kimoja kikifa baiskeli inalala wiki nyingi ikisubiri kifurushi. Wewe mshonaji unalijua hili kuliko mimi: cherehani ya miguu kila mtaa una fundi wake, ile ya kompyuta ikigoma unaitazama tu. Mota ya gurudumuni yenye kontrola ya kawaida, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota, ina waya ambazo fundi mwerevu wa umeme wa pikipiki anaweza kuzifuata, na kontrola yake inabadilishwa na nyingine ya volti na ampea sawa.

Kitu kimoja cha upande wa mota ambacho nakubali kukilipia ni sensa ya nguvu. Baiskeli za bei ya chini huwa na sensa inayojua tu kwamba pedali zinazunguka. Unakanyaga, hakuna kitu, unakanyaga tena kidogo, kisha mota inakurupuka kwa nguvu zake zote. Pale Kongowea sokoni, penye mikokoteni, tuktuk na mama mwenye beseni la samaki mbele yako, kukurupuka huko ni hatari. Sensa ya nguvu hupima unavyokanyaga na kukuongezea kwa kadiri hiyo, na pia huokoa betri. Zipo baiskeli za mota ya gurudumuni zenye sensa hii. Kama hii yako haina, basi angalau iwe na kiwango cha chini kabisa cha msaada kinachoondoka polepole. Ijaribu mahali penye watu, si kwenye uwanja mtupu wa duka.

Breki: lipia za mafuta. Wewe, baiskeli na mzigo mtakuwa kilo 110 au 120, mnashuka darajani kuelekea Kongowea, na matatu inasimama mbele yako bila salamu. Uzuri wa breki za mafuta kwetu si nguvu peke yake. Breki ya waya ina kebo ndani ya ala, na maji ya mvua yenye chumvi yakiingia humo, kebo inashika kutu usikoiona. Unabana, inakuwa nzito, halafu siku moja unaachia na pedi hazirudi. Breki ya mafuta imefungwa, chumvi haina pa kuingilia, na inajirekebisha yenyewe pedi zinapopungua. Haihitaji iwe ya daraja la juu la Shimano. Zile za daraja la chini za Shimano au Tektro zinatosha kabisa. Nunua seti mbili za pedi siku hiyo hiyo uziweke ndani. Na ukibana breki, mota ikatike hapo hapo. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mota, gusa breki uone.

Kitu ambacho muuzaji hakukitaja kabisa, nami nakiweka karibu na betri kwa umuhimu, ni gurudumu la nyuma. Kwenye baiskeli unayoifikiria, gurudumu hilo linabeba mota, sehemu kubwa ya uzito wako, na kilo ishirini za vitambaa. Spoki nyembamba za baiskeli ya kawaida zitaanza kukatika moja moja, nawe utadhani ni bahati mbaya. Taka geji 13 au 12. Namba ikipungua, chuma kinanenepa. Taka spoki za chuma kisichoshika kutu: hung'aa, na zile zilizopakwa zinki huwa na rangi ya kijivu iliyofifia na baada ya misimu miwili ya mvua huota unga mweupe kisha kutu. Rimu iwe ya kuta mbili. Tairi iwe pana, inchi 2 hivi, yenye utando wa kuzuia miiba na vioo, kwa sababu panchari ya gurudumu la mota ni shughuli: kuna plagi ya waya ya kuchomoa, nati mbili kubwa ambazo mara nyingi ni spana namba 18, na washa zenye ulimi ambazo lazima zirudi zilivyokuwa, la sivyo ekseli itazunguka na kukata waya. Beba spana yako mwenyewe, na umwonyeshe fundi wako wa panchari kabla siku haijafika.

Na kwa kuwa ni gurudumu: ukivaa buibui au dera, usiipande baiskeli isiyo na kinga ya cheni na wavu wa pembeni juu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la kawaida likinasa kitambaa unasimama. La mota linaendelea kuvuta. Kinga hizi ni za bei ndogo, na fremu ya chini isiyo na bomba la juu itakurahisishia kupanda na kushuka ukiwa na mzigo nyuma.

Yasiyostahili pesa yako nitayapitia upesi. Gia kumi: hapana, kwa umeme na kwa njia hii utatumia tatu tu. Shokomzoba za mbele: za bei hii ni nzito, na ile miguu yake inayong'aa chumvi huila, mihuri ikachakaa na mafuta yakavuja, tairi pana yenye upepo wa kiasi itafanya kazi hiyo bila kudai huduma. Skrini ya rangi yenye Bluetooth: ikikaa juani Mwembe Tayari kutwa nzima utaona mwenyewe.

Chumvi nayo ina mahali inapopenda. Fungua kile kifuniko cha mpira penye tundu la kuchajia, uchungulie pini. Kwenye baiskeli iliyokaa dukani pwani utaona wakati mwingine ukungu wa kijani juu ya shaba. Huo ndio mwanzo wa "haichaji, sijui kwa nini". Dai plagi za waya ziwe za kubana zenye mpira ndani, si zile za plastiki nyeupe zilizofungwa kwa selotepu. Ukiwa nyumbani, pangusa baiskeli kwa kitambaa chenye maji ya bomba. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, hayo yaache. Na usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, kwa sababu maji ya nguvu husukumwa hadi ndani ya mota na mipira hailikomeshi hilo.

Basi ninunue ipi? Ningekuwa wewe, ningerudi kwa muuzaji wa ile ya 95,000 na kumwambia hivi: niwekee betri ya 36V 15Ah ya kasha lile lile, breki za mafuta, na unisukie gurudumu la nyuma kwa spoki nene. Wati-saa 540 zitakutosha kwenda na kurudi hata kusi likiwa kali, na akiba ya uzee ibaki. Usikubali akutie betri ya 48V juu ya kontrola ya 36V kwa maneno ya "itakuwa na nguvu zaidi". Itakuwa na nguvu hadi kontrola iungue. Hata akikudai elfu sitini juu, bado uko mbali na 210,000, na baiskeli inatengenezeka mtaani. Muulize pia, na akuandikie kwenye risiti: betri mpya ya aina hii anauza kiasi gani leo, na kontrola anayo? Akishindwa kujibu la kontrola, mtafute mwingine mwenye baiskeli kama hiyo. Akigoma kubadilisha chochote, na huwezi kupata kwingine, basi nunua hiyo ya 95,000 ilivyo, upate ruhusa ya kuchaji kazini, na betri kubwa iwe ununuzi wako wa pili.

Gharama ya umeme isikutishe. Kujaza wati-saa 540, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, hakufiki yuniti moja ya tokeni. Linganisha na nauli yako ya siku. Ila namna ya kuchaji ni jambo la kulizingatia sana. Betri iliyotoka juani iache ipoe kwanza. Usichajie ukiwa umelala, wala kwenye njia ya kutokea, wala juu ya marobota ya vitambaa, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Jiji la New York limekataza tangu Septemba 2023 kuuza baiskeli za umeme zisizopita kipimo cha usalama kiitwacho UL 2849, baada ya moto mwingi majumbani. Kwa kuwa umeme wetu huyumba, chomeka chaja kwenye kile kifaa cha kulindia friji.

La kaka yako. Baiskeli za msaada za Kijapani, kama za Yamaha na Panasonic, zimeundwa vizuri, fremu zake ni imara na kinga ya cheni huja nayo. Taabu iko kwenye umeme. Itazame chaja: nyingi zimeandikwa 100V, kwa kuwa ndio umeme wa Japani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya 240V inakufa papo hapo, kwa hiyo lazima upate transfoma ya kushusha. Betri yake nayo huenda ina miaka mingi, na ina kasha la kampuni lisilokubali nyingine. Mwambie kaka akuachie uiendeshe siku moja, betri ikiwa imejaa, kutoka Kiembeni mpaka kazini na kurudi. Ikizimika kabla hujavuka daraja, utakuwa umebaki na baiskeli ya miguu yenye kilo ishirini na zaidi na gia tatu, na kwa hiyo mpe elfu kumi, si thelathini.